Swali Lenye Jibu Tumboni

Pampu namba mbili ilianza kukoroma saa mbili na robo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba ya bondeni. Ambilikile ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisikia. Masikio yake yalikuwa yamelelewa na injini: kwa miaka kumi na tisa aliendesha lori la maziwa kati ya Tukuyu na Mbeya, mpaka malori yalipoanza kujiendesha yenyewe na madereva wakaambiwa asante. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, kitambi cha mtu mzima kikisukuma vifungo vya ovaroli yake ya buluu, na alikuwa mwanafunzi.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Subilaga.

"Ni nini hiyo?"

Subilaga Mwakalobo, mkuu wa mafunzo wa Kituo cha Mvuke cha Lwifwa, aliegemea nguzo, akatia mikono katika mifuko ya koti lake la mvua, akanyamaza. Ambilikile akahema. Alikuwa amekwisha kumjua mama huyu: ukimwomba jibu hugeuka jiwe.

Ndani ya sikio lake kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya buni. Wafanyakazi wote wa Lwifwa walikuwa nacho, na wote walikiita Somo, kama mtu.

"Ambilikile," Somo akasema kwa sauti yake ya upole, ambayo Subilaga naye aliisikia kwenye punje yake. "Unaona nini?"

"Naona pampu inakoroma."

"Huko ni kusikia. Unaona nini?"

Ambilikile akasogea. "Geji imeshuka. Maji yanakuja kidogo." Mkono wake ukaenda kwenye kitasa cha kasi. "Basi naongeza kasi."

"Ukiongeza kasi, pampu itavuta zaidi. Itavuta kutoka wapi?"

"Si kwenye bomba la mtoni?"

"Na kabla ya kuingia kwenye pampu, maji hayo hupita wapi?"

Mkono ukaning'inia hewani. Subilaga akauangalia uso ule mpana, akaona paji la uso likikunjwa, kisha likifunguka polepole, kama mtu anayefungua dirisha la nyumba iliyofungwa siku nyingi.

"Chujio!" Ambilikile akapiga kelele. "Chujio limeziba!"

Alizima pampu, akafungua kifuniko, akachomoa konzi tatu za matope na majani ya mtoni, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Alipoiwasha tena, pampu ilinguruma kama imekunywa uji. Ambilikile akatupa kandambili juu, akaidaka, akacheza hatua nne pale pale kwenye saruji yenye maji.

"Nimelipata mwenyewe! Umeona, mama? Hakuna aliyeniambia!"

"Nimeona, baba. Angalia usianguke."

Subilaga alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa amewafundisha watu sitini na mmoja katika kituo kile, na hata siku moja hakuwahi kuichoka dakika hiyo, mtu anapojikuta ana akili kuliko alivyodhani.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Kabla ya Somo kulikuwa na mashine nyingine ya sikioni, Jibu. Kila kituo cha umeme na kila karakana ilikuwa na Jibu, na mfanyakazi aliyekwama aliuliza, akaambiwa: fungua hiki, funga kile, zungusha mara mbili. Watu walifunzwa kazi kwa wiki moja badala ya miaka mitatu. Hakuna aliyeona ubaya wowote, mpaka mwaka ule jua lilipotema dhoruba yake na mitambo ya mawasiliano ikawa bubu kwa siku tisa. Pale Lwifwa watu kumi na wanane walisimama mbele ya mashine walizozihudumia kila siku, mikono ikining'inia, wakingoja kuambiwa. Asegelile, mume wa Subilaga, alikuwa zamu kwenye kisima cha mvuke namba tatu. Aliona kiungo cha bomba kikianza kulia. Aliuliza mara tatu, kimya. Alipouliza mara ya nne alijibiwa na mvuke, na mvuke ukauchukua mkono wake wa kulia.

Siku zile tisa, Subilaga ndiye aliyezunguka kisima kwa kisima akiwauliza wenzake: jana ulishika wapi? Kwa nini hapo na si pale? Ukifunga hiki, kile kitafanyaje? Na wakishauriana hivyo, wakiogopa, walifanikiwa kufunga visima saba kati ya vinane. Baadaye Shirika la umeme lilimweka chumba kimoja na wahandisi kwa miaka miwili. Yeye aliwafundisha watu kwa kuwauliza, na mashine ikasikiliza. Kilichozaliwa humo ni Somo. Alijua yote aliyoyajua Jibu, lakini alikatazwa kuyasema. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Neno moja tu la amri aliachiwa, la kupiga kelele pale mwili wa mtu unapokuwa hatarini: Rudi!

*

Mchana ule Tusajigwe alimletea Subilaga chakula ofisini, ndizi za maziwa kwenye chombo cha kutunza joto. Tusajigwe alikuwa mhandisi aliyemtunza Somo, msichana wa miaka ishirini na tisa mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza kila mara. Alimwita Subilaga shangazi, ingawa undugu wao ulikuwa wa kutafuta kwa tochi.

"Kula kwanza, shangazi."

"Wewe ukisema nile kwanza, kuna msiba."

"Kula."

Subilaga akala vijiko vitatu, akasukuma chombo pembeni. Tusajigwe akaweka mezani kibao chake cha kioo.

"Mwezi uliopita nilimwambia Somo aandike jambo moja jipya kwenye daftari lake. Pembeni ya kila swali aandike ameliuliza kwa nini. Nilikuwa nataka tu kuboresha. Hii ni ya asubuhi hii, ya Ambilikile na pampu."

Subilaga akavaa miwani yake ya kusomea.

*Unaona nini?* Pembeni: *Chujio limeziba. Mfikishe kwenye chujio.*

*Itavuta kutoka wapi?* Pembeni: *Ameshika kasi. Mrudishe.*

*Maji hayo hupita wapi?* Pembeni: *Imebaki hatua moja. Msukume.*

"Msukume," Subilaga alisoma kwa sauti.

"Maswali mia, tisini na saba ni ya namna hiyo. Anajua jibu kabla, anachagua njia, na mtu akitaka kupita njia nyingine anageuza swali. Shangazi, hawa watu hawajawahi kuamua chochote. Wanaamuliwa, halafu wanapigiwa makofi."

"Hayo si maswali," Subilaga alisema. "Hivyo ni vidole vya kuonyesha njia. Nani kamfundisha upuuzi huo?"

Tusajigwe akaisukuma miwani yake juu ya pua, akaangalia ndizi.

"Nilirudi kwenye rekodi za ile miaka miwili," akasema taratibu, akagusa kioo.

Sauti ya Subilaga mwenyewe ikatoka, changa kwa miaka kumi na mmoja, tamu kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa: *Una hakika hutaki kuangalia na nyuma ya tangi, mama? Eeh? Na kule nyuma je?* Kisha vigelegele vya mwanamke aliyeona tatizo nyuma ya tangi. Subilaga alimkumbuka mwanamke yule. Aliikumbuka na siku yenyewe, maana aliporudi nyumbani alimsimulia mumewe jinsi mwanafunzi wake alivyogundua peke yake.

Akaondoa miwani.

"Naweza kumfunga Somo macho," Tusajigwe alisema. "Aulize kabla hajapiga hesabu ya jibu, ili naye awe hajui. Neno Rudi litabaki. Ila nimejaribu kwenye kituo cha kuigiza. Makosa yanakuwa mara tatu. Umeme wetu ndio unaowasha viwanda vya chai na nusu ya hospitali za milimani, na Shirika watauliza kulikoni. Na wafanyakazi wenyewe hawajui kitu, wana furaha, kituo kinazalisha kuliko vingine vyote. Halafu Ijumaa ya wiki ijayo Ambilikile ana mtihani wa kusimamia kisima peke yake." Akavuta pumzi. "Saini inayotakiwa ni yako. Tufanye nini?"

"Wewe unafikiri—"

"Hapana!" Tusajigwe aliinua mkono, machozi yakimlenga. "Shangazi, nakuomba. Leo usiniulize. Leo nataka unijibu."

Subilaga akaishika kalamu ya saini, akairudisha mezani.

*

Jumapili baada ya ibada alikaa uani akimtazama mumewe akimenya ndizi. Asegelile alikuwa na namna yake: aliibana ndizi kwa kiwiko kilichobaki cha mkono wa kulia dhidi ya goti, akapitisha kisu kwa mkono wa kushoto, ganda likaanguka zima. Hakupenda kusaidiwa.

Subilaga alimweleza yote. Asegelile alisikiliza bila kuinua macho, akamenya ndizi sita.

"Baba Lugano, sema basi."

"Nasikiliza bado."

"Nimemaliza."

Akaiweka ndizi kwenye maji. "Unakumbuka ulivyonifundisha kumenya hivi?"

"Mimi? Sikukufundisha. Ulijifunza mwenyewe. Mimi nilikaa tu hapa kama mjinga."

"Ndivyo hasa. Niliitupa ndizi ya kwanza pale ukutani, nikatukana. Ukaniuliza, sasa utaishikaje? Nikakutazama usoni, nikaona hujui. Wewe una mikono miwili, utajuaje? Ulikuwa unataka kweli nikuambie." Alicheka kidogo. "Kama ungekuwa unajua, Mama Lugano, ningekuachia umenye wewe mpaka leo."

Subilaga akaokota ganda moja, akalikunja kunja vidoleni.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimewadanganya watu."

"Sikusema hivyo. Mtu anayejifunza kutembea hushikwa mkono, hilo si kosa. Lakini ukishamshika, usimwache aende kuwatangazia jirani kwamba alitembea peke yake."

"Nikimwambia Ambilikile atavunjika moyo. Mchungaji amemtangaza leo kanisani kwa ajili ya mtihani wake, si umesikia? Mke wake alisimama."

"Nimesikia. Alikuwa na kitenge kipya." Asegelile akachukua ndizi ya saba. "Basi mwambie kabla kitenge hakijachakaa."

*

Alimwambia Jumatatu, kwenye benchi la nyuma ya karakana, na hakumzungusha. Alimsomea daftari la Somo mstari kwa mstari, pamoja na lile neno *msukume*, akamweleza na wazo la Tusajigwe la kumfunga Somo macho. Ambilikile alisikiliza huku kikombe cha chai kikipoa mkononi.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "nilicheza ngoma ya mtu mwingine."

"Ulikuwa unafikiri kweli, baba. Ila njia ilikuwa imechongwa."

"Na wewe ulijua?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Ya Somo sikujua. Yangu mwenyewe nilijua kidogo, nikajificha. Nisamehe."

Ambilikile akaitoa ile punje sikioni, akaiweka kwenye benchi kati yao, kwa uangalifu, kama yai.

"Mama, miaka kumi na tisa nimeendesha gari. Likaja gari lenye akili likaniambia shuka. Nikashuka. Nikaja hapa nikasema, afadhali hapa natakiwa. Kumbe hata hapa yupo dereva mwingine, mimi nimepewa usukani wa kuchezea, wa watoto, ule wa plastiki." Akasimama. "Na mimi niliwaambia watoto wangu."

Akaenda zake kwa miguu mpaka getini, bila kubadili ovaroli.

Hakuonekana Jumanne. Jumatano hakuonekana pia, na Subilaga alikuwa mtu wa kukosea mambo madogo: alitia chumvi kwenye chai, akamwita Tusajigwe kwa jina la mamake. Alhamisi asubuhi na mapema alimkuta Ambilikile amesimama mlangoni pa ofisi yake, macho mekundu, kofia ngumu kifuani.

"Ugonile, mama," akamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, baba. Karibu."

"Sikai. Mfungeni macho huyo Somo. Na mtihani wangu ubaki kesho palepale. Nikifeli, nifeli mimi."

Subilaga alitia saini mbele yake. Saa nne aliwakusanya wafanyakazi wote uwanjani, akawaeleza yale aliyomweleza Ambilikile. Wapo waliokasirika, wapo waliocheka, na mwanamke mmoja mtu mzima, yule wa nyuma ya tangi, alikuja kumshika mkono. Subilaga angependelea atukanwe.

*

Kisima namba tano kipo juu kuliko vingine, pembeni mwa msitu. Mvuke hutoka ardhini ukiwa umechanganyika na maji, huingia kwenye tangi la kuvitenganisha, kisha mvuke mkavu huteremka kwa bomba kubwa mita mia tatu mpaka kwenye mtambo wa kuzalisha umeme. Bomba hilo lina kona moja ya chini, palipo na vali ndogo ya kutolea maji yakijikusanya. Kihisi hukaa hapo kuangalia kama pana maji. Kila mwanafunzi hujua hivyo.

Mtihani ulikuwa mwepesi: asimamie kisima kwa saa tatu. Subilaga na Tusajigwe walisimama hatua kumi nyuma yake. Walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna atakayesema chochote, isipokuwa lile neno moja.

Saa mbili za kwanza zilipita salama. Halafu bomba likagonga.

Lilikuwa pigo moja, zito, kama mtu amepiga mlango wa chuma kwa bega. Likafuata la pili. Geji ya tangi ikaanza kupanda. Tusajigwe akatazama kibao chake, akanong'ona, "Hili silo la mtihani, shangazi. Hili ni la kweli."

Subilaga alikwisha kulijua jibu. Geji ikipanda hivyo na bomba likipiga kelele, funga vali kuu, ifunge haraka. Alikuwa amelijua kwa miaka thelathini, na sasa lilikuwa limemkaa mdomoni zima zima.

"Ambilikile," Somo akauliza, "unafikiri nini kinatokea?"

"Wewe unajua?"

"Sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Somo kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Ambilikile aligeuka kidogo, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Kisha akaitazama vali kuu. Akaiacha. Akaanza kuteremka kando ya bomba, akilipa kisogo gurudumu jekundu la vali hiyo alilopaswa kulizungusha.

Tusajigwe akaukamata mkono wa Subilaga.

Penye kona ya chini Ambilikile alipiga goti. Akatoa bisibisi ndefu mfukoni, akaisimamisha ncha yake kwenye kishikizo cha bomba, mpini akaubandika sikioni, akafumba macho. Bomba likagonga tena. Likatulia. Likagonga.

"Kuna maji humu!" akapaza sauti.

"Kihisi kinasema pakavu," Tusajigwe alijikuta anajibu.

"Kihisi kiseme kinachotaka! Haya ni maji, yanakwenda na kurudi. Hili ni tangi nusu!" Hakuwa akimwambia mtu fulani, alikuwa akijieleza mwenyewe, mikono ikichora hewani. "Maziwa yakiwa nusu tangi, ukikanyaga breki yanakimbilia mbele yote, yanakubeba na lori lako mpaka mtoni. Hukanyagi. Unapunguza. Hapa nikifunga ghafla nimekanyaga breki."

Akashika ile vali ndogo, akaizungusha robo. Akangoja. Hakuna kilichotoka. Geji ilikuwa inapanda bado. Akazungusha robo nyingine.

Subilaga alianza kuhesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Alimwona Asegelile kwenye kisima namba tatu akiuliza mara ya tatu. Kumi na mbili, kumi na tatu. Somo hakuwa amesema Rudi, lakini Somo alikuwa amefungwa macho kwa saini ya nani? Ishirini na sita. Akafungua mdomo, akaufunga. Thelathini na tano. Bomba likapiga pigo lililotikisa udongo chini ya viatu vyao, na Ambilikile akayumba, akabaki amelishikilia gurudumu dogo kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe mkaidi, akiliambia kitu kwa Kinyakyusa, polepole, polepole.

Kisha vali ikakohoa. Ikatema tope la kahawia, ikatema maji yanayochemka yaliyoruka mita sita kuelekea msituni, yakaja maji, yakaja maji, mpaka mlio ukabadilika ukawa filimbi nyembamba ya mvuke mtupu. Mapigo yakapungua nguvu. Geji ikasimama, ikafikiri, ikaanza kushuka.

Haikuwa kazi safi. Ambilikile alichelewa kuirudisha vali, mvuke mwingi ukapotea, na mtambo wa umeme ukajizima. Kiwanda cha chai kule chini kilikaa gizani dakika arobaini, na kabla ya chakula cha mchana barua ya Shirika ilikuwa imeingia: maelezo yanatakiwa, kwa maandishi, Jumatatu.

Tusajigwe alikifungua kihisi kile, akakikuta kimegandishwa na chokaa ya maji ya ardhini. Akapiga hesabu zake mara mbili, akamletea Subilaga kibao bila kusema kitu. Kama vali kuu ingefungwa haraka, kiungo cha mita ishirini kutoka kwenye kona kingeng'oka. Ni pale pale Tusajigwe na Subilaga walipokuwa wamesimama.

Subilaga akamrudishia kibao. Akatoka nje ya uzio, akakaa kwenye majani. Alikuwa bado hapo Ambilikile alipokuja akiwa ameloa matope mpaka kifuani, akakaa kando yake kwa kishindo.

"Mama, wewe ungefanya nini?"

Zamani angemrudishia swali. "Ningefunga vali kuu," akasema. "Haraka. Na kama ungekuwa mwanafunzi wangu wa wiki iliyopita, ningekuzungusha mpaka uifunge wewe, halafu nikupigie makofi."

Ambilikile akalitafakari hilo.

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Usidhani ni hekima. Niliahidi, basi. Nilikuwa nahesabu. Nilisema nikifika hamsini napiga kelele ufunge, mtihani na uharibike."

"Ulifika ngapi?"

"Arobaini na nane."

Ambilikile akamtazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo lote, na Subilaga naye akacheka huku analia, wakashikana mabega kama watu waliotoka kwenye maji. Walipotulia, Subilaga akafuta uso kwa mkono wa koti, akaitoa ile barua ya Shirika mfukoni, akaikunjua juu ya goti lake. Waliisoma wote wawili. Chini kabisa iliuliza iwapo mkuu wa mafunzo anapendekeza Somo arudishwe kama alivyokuwa.

"Utawajibu nini?" Ambilikile aliuliza.

"Sijui, baba. Nimekaa hapa nusu saa, sijui. Nikisema arudishwe, nimewauza ninyi. Nikisema asirudishwe, kuna siku mtu hatakuwa na bahati uliyokuwa nayo leo, na nitakwenda kumwona hospitalini nikijua saini ni yangu." Akaiweka barua kwenye majani kati yao. "Wewe ungewaambia nini?"

Ambilikile alimwangalia usoni kwa makini, kwa muda, akitafuta kama kuna kitu kimefichwa nyuma ya swali lile. Hakukiona. Akavuta miguu yake yenye matope, akakaa vizuri.

"Ngoja nifikiri," akasema.

Na Subilaga akangoja.